Je, Wajua? Mashine ya Kuchonga Mbao ni Kipofu

Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta haijui mbao iko wapi. Inajua umbali tu kutoka sifuri, nukta uliyoiweka wewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1952, chuo cha MIT cha Marekani kilipoonyesha mashine ya kukata chuma iliyosoma utepe wenye matundu. Katika programu yake, amri G21 huiambia mashine ipime kwa milimita, G20 kwa inchi. Ukizichanganya, 10 yako inakuwa milimita 254! Kwa kuwa mashine haioni mbao, anayeanza amwendee seremala kabla ya mtaalamu wa kompyuta. Mtu atauliza: picha ya kazi kwenye skrini si inatosha? Inaonyesha njia ya kisu, haionyeshi fundo la mti wala jiliwa lililosahaulika njiani. Wengine huona kwenda polepole ndio usalama. Sivyo. Kisu chenye makali mawili, kikizunguka mara 18,000 na kusogea milimita 1,800 kwa dakika, kila kali hukata milimita 0.05 tu kwa mzunguko mmoja. Ukizidi kupunguza mwendo, kisu kinasugua badala ya kukata, na mbao inaungua. Seremala hutazama sakafuni: akiona maranda ametulia, akiona vumbi laini tupu anasimamisha kazi.