Sura ya Nne: Kero, Kisirani na Msonyo

Kuna imani ambayo haijafa mpaka leo: kwamba Kiswahili, kwa kuwa kimejaa "samahani", "tafadhali" na "pole", ni lugha ya upole isiyo na maneno ya kutosha ya kuudhika. Husemwa na wageni waliokaa Zanzibar wiki mbili na, cha kushangaza zaidi, husemwa na Waswahili wenyewe wakiwa kwenye semina za "mawasiliano bora". Aliyewahi kupanda daladala la Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni hawezi kuwaunga mkono. Humo mmoja amekereka, wa pili ameudhika, wa tatu kachefuka, kijana wa mlangoni "amemaindi" kwa sababu konda "anamzingua", na mama aliyebanwa dirishani amenuna tu. Hasemi neno, lakini siti nzima inajua.

Maneno haya hayalingani. Kukasirika kunataka tukio: mtu kakanyagwa mguu, kakasirika, kaombwa radhi, yameisha. Kero hurudi. Ni maji ya jirani yanayotiririka njiani kila asubuhi, jambo dogo kiasi kwamba anayelitaja huonekana ana gubu. Likirudi siku ya arobaini, si dogo tena. Ndiyo maana neno hili limeingia serikalini Tanzania bila shida. Viongozi hufanya ziara za "kusikiliza kero za wananchi", na mivutano ya Bara na Zanzibar kwa miaka mingi imeitwa "kero za Muungano". Siku hizi wakubwa hupendelea kuziita "hoja". Wananchi hawakuchelewa kuelewa kwa nini: hoja inatosha kujibiwa, kero inadai kuondolewa.

Mpango wa sura hii ulikuwa rahisi: kero kwa neno, kero kwa sauti, kero kwa nguo. Lakini kwanza kisirani kiondolewe njiani.

Neno hili lina maana mbili, ya mkosi na ya tabia ya kuudhika ovyo, na watu wamezichanganya mpaka zikawa moja. Mtu akiamka anafokea kila kilicho mbele yake, husemwa ana kisirani. Baada ya wiki husemwa analeta kisirani. Duka likikosa mauzo asubuhi, lawama humwangukia mteja wa kwanza aliyeingia na uso uliokunjamana, na mwisho wa mlolongo huo ni mganga aliyepata mteja wake. Wasomi wa mjini husikia haya wakacheka, kisha wao wenyewe humkimbia mwenzao kwa sababu ana "nishati hasi", na hulipa kiingilio kwenda kufundishwa namna ya kujikinga nayo. Ni mganga yuleyule, kavaa suti.

Kinachojulikana hakina maajabu. Mwaka 1986 Douglas Kenrick na Steven MacFarlane walichapisha utafiti waliofanya Phoenix, mji wa jangwani wa Arizona. Gari lao lilisimama makusudi huku taa ikiwa imeshageuka kijani, wakasikiliza honi za waliokuwa nyuma. Joto lilivyopanda ndivyo honi zilivyozidi, hasa kwa madereva walioshusha vioo, ambao yaelekea hawakuwa na kiyoyozi. Hakuna jini aliyehitajika. Msimu wa kaskazi Dar es Salaam, umeme umekatika usiku, feni imesimama, mtu kagaagaa mpaka alfajiri, halafu ofisini wanashangaa kimempata nini.

Vivyo hivyo abiria anayeongea na simu. Wengi hudhani kinachokera ni ukubwa wa sauti yake. Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walilipima hilo mwaka 2010: watu walipewa kazi za umakini kwenye kompyuta huku wakisikilizishwa maongezi. Waliposikia pande zote mbili, kazi haikuharibika. Waliposikia mtu mmoja akisimulia mwanzo hadi mwisho, vilevile. Waliposikia upande mmoja tu wa mazungumzo, makosa yaliongezeka, kwa kuwa akili haiwezi kubashiri kinachofuata na haikubali kuacha kujaribu. "Eeh... Weee!... Nani kasema?... Kwa shemeji yupi?" Basi zima sasa linataka kujua ni shemeji yupi, na jamaa anashukia Tazara.

Sasa sauti, yaani msonyo.

Karibu sauti zote tunazozungumza nazo huundwa kwa hewa inayotoka mapafuni. Msonyo huenda kinyume: midomo na ulimi hubana, hewa ikavutwa ndani kupitia upenyo mdogo kwenye meno. Haumo katika alfabeti. Vijana wanaojaribu kuuandika kwenye simu hutoa "mxiuu", na juhudi yao inastahili pongezi, lakini herufi hizo haziwezi kubeba kilicho muhimu kuliko vyote, yaani urefu. Msonyo mfupi wa pembeni mwa mdomo ni wa vitu: kiberiti kimelowa, vocha imekataa. Ukirefuka kidogo na uso ukageuzwa pembeni, ni wa mtu, tena mara nyingi mtu aliyekwisha kupita. Ule wa kuvutwa taratibu, macho yakimpanda na kumshuka mwenzako kutoka utosini hadi kwenye kandambili, ni tusi kamili. Nyumba za kupanga huwa na watu wasiosalimiana kwa sababu yake, na ukiwauliza walitukanana nini, hakuna neno hata moja la kutaja.

Wanaouita utovu wa adabu mtupu hawajausikiliza. Msonyo una adabu zake, na ya kwanza ni kwamba mdogo hamsonyi mkubwa. Hapo ndipo ufundi unapoanzia. Mjukuu ametumwa dukani mara ya tatu, kwanza chumvi, kisha kiberiti, sasa sabuni. Anainama kwenye jiko la mkaa, anapepea mara mbili, anasonya.

"Umemsonya nani?" bibi anauliza kutoka kwenye mkeka.

"Hili jiko, bibi. Haliwaki."

Jiko linawaka. Bibi analiona linawaka. Lakini kesi haipo, kwa kuwa jiko halilalamiki, na mara nyingi safari ya nne ya dukani huahirishwa. Ujumbe umefika na heshima haikuvunjika. Ni vigumu kupata sentensi yenye kitenzi na kiima inayoweza kufanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Tena wanaodhani ni tabia ya uswahilini peke yake watazame ramani. Mwaka 1976 John na Angela Rickford walichapisha makala katika jarida la Journal of American Folklore kuhusu msonyo na jicho la kukata miongoni mwa watu weusi wa Guyana, Jamaika na Marekani. Wamarekani weusi waliohojiwa waliutambua kwa wingi, ilhali wengi wa weupe hawakujua hata kwamba sauti hiyo ina maana. Kina Rickford wakaonyesha kwamba chanzo ni Afrika. Utumwa uliwanyang'anya watu majina na lugha zao, lakini msonyo ulivuka bahari ukiwa mzima. Trinidad huuita "steups". Ufaransa, watoto wa familia zenye asili ya Afrika na Karibiani wameufanya wa kila kijana kwa jina la "tchip", na mwaka 2015 shule moja ya Évry, kusini mwa Paris, ikaupiga marufuku. Mwalimu atakayetekeleza marufuku hiyo ana kazi ngumu. Atamshtaki mwanafunzi kwa kutamka nini?

Kanga nayo ilistahili nusu ya sura hii, lakini msonyo umekula nafasi yake. Itoshe kusema kwamba jina la kanga hufanya kazi ileile kwa maandishi. Mwanamke ananunua doti iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", anaianika kwenye kamba inayotazama mlango wa wifi yake. Wifi akija juu, jibu liko tayari: "Mimi nimependa rangi tu." Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1997 kuhusu majina hayo kama sauti ya wanawake katika jamii isiyowaruhusu kufoka hadharani.

Imebaki imani iliyo sugu kuliko zote, inayouzwa kwa bei nzuri siku hizi: kwamba kero isipotolewa kwa nguvu itaozea moyoni, hivyo mtu apige mito, apige mayowe, avunje sahani ili apone. Wanaoihubiri hupenda kutaja msonyo na kanga kama ushahidi wa asili. Si ushahidi wa jambo hilo hata kidogo. Mjukuu hakusonya ili apumue, alisonya ili bibi asikie. Kanga ikianikwa ndani ya kabati haina kazi.

Na kuhusu kupiga mito, jibu lipo tangu mwaka 2002. Brad Bushman aliwaudhi makusudi wanafunzi 600 wa chuo kwa kuwafanya waamini kwamba mwenzao ameziponda insha zao. Kundi moja lilipiga gunia la ndondi huku likimfikiria mkosoaji, kundi la pili lilipiga huku likifikiria mazoezi ya mwili, na la tatu lilikaa kimya dakika mbili bila kufanya lolote. Kisha wote wakapewa nafasi ya kumpigia mkosoaji kelele masikioni. Waliopiga gunia wakimfikiria yeye ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi na ndio waliomwadhibu vikali zaidi. Wapole kuliko wote walikuwa wale waliokaa bure. Wenye semina za kupiga mito wawarudishie watu ada zao.