Ndege wa Siberia na Pwani ya Mauritania

Askari aliyewahi kuchelewa safarini anaijua adha ya kufika kituoni posho imekwisha kugawanywa. Adha hiyo sasa inawapata ndege wa ufukweni wanaozaliana katika nchi za barafu za kaskazini.

Mmoja wao ni kitwitwi ambaye kifua chake hugeuka chekundu wakati wa kuzaa. Majira ya baridi ya Ulaya wengi hukaa katika ghuba ya Banc d'Arguin, nchini Mauritania. Kisha huruka yapata kilomita 9,000, wakipumzika katika fukwe za matope za Ulaya, hadi rasi ya Taimyr huko Siberia. Kitwitwi aliyeko Mauritania hana namna ya kujua kwamba theluji ya Taimyr imeyeyuka. Huongozwa zaidi na urefu wa mchana, nao haubadiliki hata dunia ipate joto kiasi gani.

Lakini theluji imebadili majira yake. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 na Jan van Gils na wenzake ulionyesha kuwa, kwa muda wa miaka 33, kuyeyuka kwake kulitangulia kwa kadiri ya nusu siku kila mwaka, yaani zaidi ya majuma mawili kwa jumla. Wadudu hutokea theluji inapoyeyuka, na wingi wao ni wa muda mfupi. Kinda wa kitwitwi halishwi na mzazi; hujitafutia mwenyewe tangu siku ya kwanza. Akianguliwa wadudu wamepungua, hukua na mwili mdogo na mdomo mfupi.

Hapa ndipo penye jambo zito. Kinda huyo hafi Siberia. Hufika Mauritania, akautumbukiza mdomo mchangani, na kumbe kombe aliotarajia kuwala wamejifukia chini kuliko anapoweza kufika. Hubaki akila mizizi ya nyasi za baharini, chakula duni, na nafasi yake ya kuishi hupungua.

Mauritania iliifanya ghuba hiyo hifadhi ya taifa mwaka 1976. Mlinzi wake aweza kuzuia nyavu na majangili. Hawezi kuzuia moshi wa makaa na mafuta ya nchi za viwanda, unaoongeza joto la kaskazini.

Jirani zetu wa Kenya nao, katika ghuba ya Mida karibu na Watamu, hupokea jamaa za ndege hao waliozaliwa Siberia hiyo hiyo. Huanza kuwasili mwezi Agosti. Wakubwa hutangulia, makinda hufuata peke yao, bila ya kuonyeshwa njia.