Haki na Huruma ya Mungu Katika Imani ya Kikristo

Wakristo humkiri Mungu kuwa hakimu anayemlipa kila mtu kadiri ya matendo yake, na humwita Baba anayesamehe. Sifa hizo mbili zinaonekana kugongana, maana hakimu anayemwachia mkosaji hutiliwa shaka, na baba asiyejua kusamehe hana moyo wa ubaba. Hata hivyo Maandiko hayaruhusu kuchagua moja na kuacha nyingine. Katika sura ya 34 ya Kitabu cha Kutoka, Mungu anajitambulisha kwa Musa kuwa mpole na msamehevu, na papo hapo kuwa haachi uovu upite kana kwamba haukutendeka.

Wanateolojia walihangaika na jambo hili kwa karne nyingi. Anselmo wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alifundisha kwamba dhambi ni deni lisilolipika kwa nguvu za binadamu. Mungu mwenyewe, kwa Kristo, alijifanya mtu na kulilipa. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitoa jibu jepesi kueleweka: anayedaiwa dinari 100 akatoa 200 za kwake hakumdhulumu mtu yeyote, bali ametenda zaidi ya haki. Kwake yeye huruma haibomoi haki, inaikamilisha. Waprotestanti wengi husisitiza kwamba Kristo alibeba adhabu ya wengine msalabani. Wamethodisti, wenye mizizi ya miaka mingi katika Katanga nchini Kongo, huongeza kuwa neema inayomsamehe mtu humgeuza pia awe mtakatifu.

Nchini Kongo mafundisho haya yana sura ya mtu. Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, kwa kumkatalia Kanali Pierre Openge Olombe, mmoja wa waasi hao, aliyetaka kumfanya mke wake. Kabla ya kufa alimsamehe. Olombe alishtakiwa baadaye na kufungwa. Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri, na katika mahubiri yake akatamka kwamba naye, kwa niaba ya Kanisa lote, anamsamehe muuaji. Msamaha huo haukusema kwamba mauaji yale hayakuwa kosa, wala kwamba mahakama ilikosea kumhukumu muuaji. Uliikataa chuki, ukaacha hatia iitwe hatia.

Utaratibu huohuo umo katika sakramenti ya kitubio. Mwamini anajuta, anaungama, anaondolewa dhambi na kupewa malipizi. Aliyeiba hubaki na wajibu wa kurudisha alichoiba pale inapowezekana, hata baada ya padri kumwondolea dhambi. Papa Fransisko alipotangaza Jubilei ya Huruma, iliyodumu kuanzia 8 Desemba 2015 hadi 20 Novemba 2016, aliagiza mlango mtakatifu ufunguliwe katika kila jimbo, na maungamo yalikuwa sehemu ya safari ya mahujaji. Mtu hakupita mlangoni ili kukwepa ukweli wa maisha yake.

Kwa Lubumbashi, mji wa Katanga wenye Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, swali la haki na msamaha ni zito zaidi ya somo la katekisimu. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga; familia zililala kwenye vituo vya reli, zikiwa zimepoteza nyumba na kazi. Kumwambia aliyenyang'anywa nyumba asamehe na anyamaze, huku aliyeichukua akiendelea kuishi humo, ni kumdhulumu mara ya pili, na hakuna mafundisho ya Kikristo yanayounga mkono jambo hilo. Injili ya Luka, sura ya 19, inaonyesha mpangilio wa huruma na haki. Yesu anaingia kwanza nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru aliyejitajirisha, bila kumwekea sharti. Zakayo, baada ya kupokelewa, anaahidi mwenyewe nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.