Mweru: Rangi ya baharini si ya ziwani

NCHELENGE. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, Zambia husimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Kwa mwenye boti ya mbao Nchelenge au Kashikishi, hiyo ndiyo nafasi ya kukagua tumbo la chombo chake. Tatizo ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa.

Hapo huzaliwa makosa mawili. La kwanza ni kupaka rangi juu ya ubao wenye unyevu. Maji yaliyofungiwa ndani hutafuta pa kutokea. Rangi huota malengelenge na kubanduka, na ubao huoza. Chombo kiinuliwe juu ya magogo, chini ya banda la turubai, upepo upite pande zote. Rangi ya zamani ikwanguliwe mpaka ubao mzima uonekane, kisha ipitishwe msasa. Fundi azibe pua na mdomo, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi. Vumbi likusanywe lisiingie kwenye maji ambayo watu huchota. Nyufa zikalafatiwe kabla ya kupaka.

Kosa la pili ni kununua rangi ya baharini kwa kudhani kwamba ghali ndiyo bora. Rangi hiyo ina shaba ya kuua viumbe wanaoganda kwenye chombo. Lamu na Mombasa ina kazi, kwa kuwa baharini kuna minyoo wanaotoboa mbao. Ndiyo maana wazee wa pwani walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Mweru ni maji baridi, na minyoo hao hawapo. Kinachoota ni ute wa kijani, nao hutoka kwa brashi.

Sumu ya rangi haibaki kwenye chombo. Rangi zenye mchanganyiko wa bati zilidhuru konokono na chaza hata zikapigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008.

Mweru ni ziwa la Zambia na Kongo, na maji yake hutokea Pweto kwa mto Luvua. Kinachomwagwa Nchelenge hakisimami mpakani.

Rangi ya boti isiyo na shaba wala risasi, ikipakwa mara mbili juu ya ubao mkavu, inatosha. Pesa inayobaki inunue turubai.