Gogo la Chokoleti: Utamu wa Krismasi Usiohitaji Oveni

Je, msomaji mpenzi, umewahi kuulizwa na mtoto wako, "Mama, mbona sisi hatuoki keki?" Ni swali dogo, lakini humchoma mzazi. Jirani wa ghorofa ya juu ameoka, harufu inateremka ngazi hadi mlangoni pako, nawe una jiko la makaa au meko ya gesi tu. Kununua keki dukani mwezi wa Desemba nako ni kujitia mashakani, kwani Januari inabisha hodi na karo zake, sare zake na vitabu vyake.

Leo tunakuletea jibu la kumpa mtoto huyo. Ni gogo la chokoleti, kitindamlo kisichookwa. Huchanganywa, hufinyangwa, kisha huachwa kigande kwa baridi. Moto unaohitajika ni wa dakika chache tu, na hata mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja anaweza kukiandaa.

Usidhani hiki ni chakula cha wasiojiweza. Mnamo Aprili 2011, Mwanamfalme William wa Uingereza alipofunga ndoa na Catherine Middleton, kando ya keki kubwa ya matunda makavu paliandaliwa nyingine ya biskuti na chokoleti, isiyookwa, kwa ombi la bwana harusi mwenyewe. Huyu ndiye yule aliyemposa mpenzi wake humu nchini Kenya, Oktoba 2010. Huko Italia na Ureno, mchanganyiko kama huu hufinyangwa mfano wa soseji nene na kuitwa salami ya chokoleti.

Umbo la gogo nalo lina asili yake Ufaransa. Zamani familia za huko zilikuwa na desturi ya kuchoma gogo kubwa mekoni usiku wa kuamkia Krismasi. Katika karne ya 19, meko hayo makubwa yalipoanza kutoweka majumbani, waokaji walilihamishia gogo mezani wakalifanya keki.

MAHITAJI

Biskuti za kawaida zisizo na krimu, gramu 200
Siagi, gramu 125
Sukari, nusu kikombe
Unga wa kakao, vijiko 5 vya mezani
Maziwa, vijiko 4 vya mezani
Njugu karanga zilizokaangwa na kuambuliwa maganda, nusu kikombe
Chumvi kidogo sana
Nazi iliyokunwa na kukaushwa, au sukari ya unga ya kupambia keki, vijiko 2

Kabla ya kulipa dukani, tazama mambo mawili. Kwanza, unga wa kakao si sawa na chokoleti ya kunywa, ambayo kwa sehemu kubwa huwa ni sukari. Ukikosa kakao ukatumia hiyo, punguza sukari. Pili, majarini laini ya kupaka mkate haigandi vyema kama siagi halisi, na siagi ndiyo inayolishikilia gogo lisimeguke. Njugu nazo zichague moja moja, na yoyote yenye ukungu au iliyonyauka uitupe. Ikiwa kuna mtu nyumbani anayedhurika na njugu, ziache kabisa na uongeze biskuti kidogo.

JINSI YA KUANDAA

Vunja biskuti kwa mikono, kisha uziponde kidogo kwa kifimbo cha kusukumia chapati. Zisiwe unga. Vipande vinavyolingana na kucha ya kidole gumba ndivyo vinavyofaa, kwa kuwa ndivyo vitakavyoonekana vyeupe ndani ya gogo likikatwa. Kazi hii waachie watoto. Wataifurahia na nyumba itatulia.

Teka siagi kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Ikiyeyuka, tia sukari, kakao, maziwa na chumvi. Koroga kwa mwiko bila kupumzika hadi sukari iyeyuke yote na upate rojo zito linalong'aa. Moto ukiwa mkali, kakao itaungua na mafuta yatajitenga. Epua, teka vijiko 4 vya rojo hilo uviweke kando, kisha liache lililobaki lipoe kwa dakika 10.

Dakika hizo 10 usizidharau. Mara ya kwanza nilipojaribu, pupa iliniponza. Nilimwaga rojo likiwa bado linatokota, tena juu ya biskuti nilizokuwa nimezisaga mno. Badala ya gogo nilipata uji mzito, tukaula kwa vijiko. Haraka haraka haina baraka.

Rojo likishakuwa vuguvugu, tia biskuti na njugu, uchanganye hadi kila kipande kipakike. Mimina juu ya karatasi ya foili, viringisha kwa mikono upate gogo lenye urefu wa sentimita 25 hivi, lifunge kwa kulikaza na usokote ncha zote mbili kama peremende. Weka kwenye friji kwa saa nne au usiku kucha.

IKIWA HUNA FRIJI

Tumia maji badala ya maziwa. Lilaze gogo ndani ya sufuria iliyofunikwa, uiweke sufuria hiyo katika beseni la maji baridi sakafuni, mbali na jiko, usiku kucha. Kwa hali ya hewa ya Nairobi au Nakuru litashika, na liliwe siku inayofuata. Walio Mombasa au Kisumu wasijisumbue kulifanya gogo, kwani siagi huregea kwa joto la huko. Afadhali wafinyange vibonge vidogo na kuvigaragaza katika nazi. Vibonge havihitaji kukatwa, na utamu ni ule ule.

MAPAMBO

Gogo likishaganda, lifungue. Kata ncha moja kwa mshazari, ukibandike kipande hicho ubavuni kiwe tawi. Lile rojo uliloweka kando lipashe kwa kusimamisha bakuli lake katika maji ya moto, kisha ulipake juu ya gogo. Chukua uma uchore mistari ya urefu hadi lionekane kama gome la mti. Mwisho nyunyiza nazi au sukari ya unga iwe theluji, kama ile ya kilele cha Mlima Kenya. Majani machache ya mnanaa na cheri nyekundu yatalikamilisha. Usichomeke maua wala majani ya bustani yasiyoliwa, kwani mkono wa mtoto hauna subira.

Kata kwa kisu chenye makali, vipande vyembamba. Gogo hili hutoa vipande 20 hivi, na kwa kuwa ni tamu sana, kimoja au viwili vyatosha kwa kila mtu. Vitakavyosalia mpelekee yule jirani wa ghorofa ya juu, umtume mtoto aliyevunja biskuti.

Akiulizwa imeokwa wapi, atakuwa na la kusema.