Usafirishaji wa Maji na Virutubishi Katika Mimea

Toka Majengo, mjini Sumbawanga, mwezi wa Januari, uelekee upande wowote wa nje ya mji. Hutatembea sana kabla ya kukutana na shamba la mahindi. Uwanda wa juu wa Ufipa hupata mvua kuanzia mnamo Novemba hadi Aprili, na mahindi ndiyo chakula na ndiyo ada ya shule kwa familia nyingi. Katika mashamba na misitu ya ukanda huu kuna mambo matatu ambayo mtahini hupenda kuyauliza, ingawa huyauliza kwa maneno mengine:

(a) Mahindi yaliyotuamiwa na maji bondeni hugeuka njano na kunyauka, ilhali mizizi yake imezama majini.

(b) Mche uliowekewa mbolea nyingi kwenye mzizi hukauka, wakati mwenzake usio na mbolea bado uko hai.

(c) Mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote hubaki na majani ya kijani kwa muda, kisha hufa.

Ukiweza kueleza mambo haya matatu, umeielewa mada. Ukikariri maana za maneno peke yake, utapata alama za maswali mafupi na kukwama kwenye maswali ya maelezo.

Shika hoja moja tangu mwanzo: ndani ya mmea kuna vitu vitatu vinavyosafiri, na kila kimoja kina nguvu yake. Maji huvutwa kutoka juu kwa nguvu ya jua. Madini huingizwa mzizini kwa nishati ya mmea wenyewe. Chakula husukumwa kwa kazi ya seli zilizo hai. Makosa mengi ya mada hii hutokea mwanafunzi anapochanganya nguvu hizo tatu.

1. Njia mbili za usafirishaji

Mimea yenye mizizi, shina na majani ya kweli ina tishu mbili za usafirishaji. Ya kwanza ni zailemu, ya pili ni floemu.

| | Zailemu | Floemu |
|---|---|---|
| Hubeba | Maji na madini | Chakula kilichotengenezwa, hasa sukrosi |
| Mwelekeo | Juu tu, kutoka mizizini | Juu na chini |
| Seli zake | Zimekufa, hazina kitu ndani | Ziko hai |
| Kuta | Ngumu, zimeimarishwa kwa lignini | Laini, hazina lignini |

Usishangae kwamba seli za zailemu zimekufa. Bomba zuri ni lile lisilo na kitu ndani. Seli hizo hupangana mstari mmoja, kuta za mwisho hutoweka, na mrija mrefu usio na vizuizi hubaki. Lignini huuzuia mrija usibonyee maji yanapovutwa.

Katika mti, zailemu ndiyo mbao yenyewe. Floemu iko upande wa nje, ndani ya gome. Jambo hili litatusaidia kulijibu swali la (c).

2. Maji yanavyoingia mzizini

Maji huingia kupitia vinyweleo vya mzizi. Kila kinyweleo ni seli moja iliyorefuka na kupenya kati ya chembe za udongo. Urefu huo huongeza eneo la kufyonza, na ukuta wake mwembamba hufupisha safari ya maji.

Maji huingia kwa osmosisi. Osmosisi ni mwendo wa maji kutoka kwenye myeyusho mwepesi kwenda kwenye myeyusho mzito kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia vitu vingine. Utomvu ulio ndani ya kinyweleo una sukari na chumvi nyingi kuliko maji ya udongo, kwa hiyo maji huelekea ndani. Kutoka hapo hupita seli hadi seli katika koteksi, huvuka endodemisi, na kuingia kwenye zailemu.

Sasa tazama (b). Mbolea ya dukani ni chumvi au kitu kinachoyeyuka kama chumvi. Ikiwekwa nyingi juu ya mzizi, tena udongo ukiwa na unyevu kidogo, maji ya udongo huwa myeyusho mzito kuliko utomvu wa seli. Osmosisi haijaacha kufanya kazi, imegeuza mwelekeo. Maji hutoka mzizini kwenda kwenye udongo, seli hulegea, mche hunyauka. Wakulima husema mbolea imeunguza mche, lakini hakuna joto lililouunguza: mche umenyang'anywa maji. Ndiyo sababu mbolea ya kupandia hutenganishwa na mbegu kwa udongo, na ile ya kukuzia huwekwa kando ya shina, ardhi ikiwa na unyevu.

3. Madini yanavyoingia mzizini

Mmea huchukua madini yakiwa ioni zilizoyeyuka majini, kwa mfano naitreti, fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Mara nyingi ukolezi wa ioni hizi ndani ya mzizi ni mkubwa kuliko ule wa udongo. Kwa difusheni pekee zisingeingia, baadhi zingetoka. Kwa hiyo seli za mzizi hutumia nishati kuziingiza kinyume cha mteremko wa ukolezi. Huu ndio usafirishaji amilifu. Nishati hutoka kwenye upumuaji wa seli, na upumuaji huo unahitaji oksijeni iliyo katika nafasi za hewa za udongo.

Hapo ndipo jibu la (a) lilipo. Maji yakituama, hujaza nafasi zote za hewa. Mzizi hukosa oksijeni, upumuaji hupungua, nishati hupungua, na uingizaji wa madini hukwama. Mahindi hugeuka njano kwa kukosa naitrojeni. Mizizi ikianza kufa, hata maji hayafyonzwi vizuri, na mmea hunyauka ukiwa majini.

Mababu wa Wafipa walikuwa na mbinu ambayo mwanafunzi wa biolojia anapaswa kuielewa. Inaitwa intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata nyasi, huzigeuza pamoja na udongo, na kufanya vichuguu vya mviringo, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani. Msimu unaofuata vichuguu hutawanywa na nafaka hupandwa. Angalia faida zake kwa jicho la mada hii. Nyasi huoza, na bakteria na kuvu huachilia madini yaliyokuwa yamefungwa ndani yake, yakawa ioni ambazo mzizi unaweza kuzichukua. Udongo ulioinuliwa hautuamishi maji, kwa hiyo una hewa. Kichuguu kimoja humpa mzizi madini na oksijeni ya kuyaingiza.

Dalili za upungufu katika mahindi

- Naitrojeni: majani ya chini huwa njano kwanza, kuanzia ncha na kufuata mshipa wa kati, kama umbo la herufi V.
- Fosforasi: majani ya mche huwa na rangi ya zambarau.
- Potasiamu: kingo za majani ya chini huwa njano, kisha hukauka.

Kwa nini upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini? Kwa sababu mmea ukikosa naitrojeni ardhini huiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga kupitia floemu. Mtahini akiuliza ushahidi kwamba virutubishi vinaweza kuhama ndani ya mmea, huo ni mfano mzuri.

4. Maji yanavyopanda hadi kwenye majani

Mhindi una urefu wa mita mbili na zaidi. Mkaratusi unaweza kuzidi mita 30. Hakuna moyo wala pampu. Nguvu tatu huhusika.

*Msukumo wa mizizi.* Madini yanapoingizwa kwenye zailemu, maji huyafuata kwa osmosisi na kusukuma juu. Alfajiri, baada ya usiku wenye unyevu, utaona matone kwenye ncha na kingo za majani ya mahindi. Umande hulowesha jani lote. Matone haya hutoka ndani ya mmea. Msukumo huu ni mdogo, hauwezi kufikisha maji kileleni mwa mti mrefu.

*Kapilari.* Maji hupanda yenyewe katika mrija mwembamba kwa sababu hushikana na kuta zake. Lakini katika mrija wenye kipenyo cha milimita 0.05, maji hupanda sentimita 60 hivi tu. Hayafiki hata nusu ya mhindi.

*Mvuto wa transpiresheni.* Hii ndiyo nguvu kuu. Jua hugeuza maji ya jani kuwa mvuke, mvuke hutoka kupitia stomata, na seli za jani huvuta maji mengine kutoka kwenye zailemu. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe. Hii ni kani ya mshikamano. Pia hushikana na kuta za mrija. Hii ni kani ya mnato. Kwa hiyo molekuli ya juu ikiondoka, huvuta iliyo chini yake, na mnyororo mzima huinuka tangu mzizini. Maelezo haya yalitolewa na Henry Dixon na John Joly, wa Dublin, mwaka 1894.

Pampu ya kuvuta iliyowekwa juu ya kisima haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 10 hivi, kwa sababu hutegemea kanieneo ya hewa. Mti hupita kikomo hicho kwa sababu hutegemea mshikamano wa maji yenyewe. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayoingia mzizini hutoka tena kama mvuke. Hayapotei bure: huvuta maji mapya, hupandisha madini, na hupoza majani.

Vitu vinavyoathiri kasi ya transpiresheni

- Mwanga: stomata hufunguka, kasi huongezeka.
- Joto: maji huvukiza haraka, kasi huongezeka.
- Upepo: huondoa mvuke ulio karibu na jani, kasi huongezeka.
- Unyevu wa hewa: ukiwa mwingi, kasi hupungua.

Mfano: miche ya kabichi huhamishwa jioni. Wakati wa kung'oa, vinyweleo vingi vya mizizi hukatika. Jioni jua na joto vimepungua, kwa hiyo majani hayapotezi maji mengi kabla mizizi haijaotesha vinyweleo vipya.

5. Chakula kinavyosafiri

Majani hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Sukari hugeuzwa sukrosi na kuingizwa kwenye floemu kwa nishati. Maji huifuata kwa osmosisi kutoka kwenye zailemu, na shinikizo huongezeka upande wa jani. Upande wa mzizi, punje au kiazi, sukrosi hutolewa na kutumiwa au kuhifadhiwa, na shinikizo hupungua. Myeyusho hutiririka kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo. Ernst Münch wa Ujerumani alieleza hivi mwaka 1930.

Sasa (c). Katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, warina asali wamezoea kutengeneza mizinga ya magome. Gome huvuliwa kuzunguka shina lote, na floemu huondoka nalo. Zailemu imebaki kwenye mbao, ndiyo maana maji yanaendelea kupanda na majani hubaki ya kijani. Lakini sukari haivuki jeraha kwenda chini. Mizizi huishi kwa akiba. Akiba ikiisha, hufa kwa njaa, na mti wote huifuata. Kila mzinga wa gome kwa kawaida hugharimu mti mmoja, na hii ni sababu mojawapo ya kuhimiza mizinga ya mbao.

6. Makosa yanayopoteza alama

- Kuandika kwamba madini huingia kwa osmosisi. Osmosisi ni ya maji tu.
- Kuandika kwamba mizizi ndiyo inayosukuma maji yote juu. Nguvu kuu ni mvuto kutoka kwenye majani.
- Kuandika kwamba floemu hubeba chakula kwenda chini tu. Mche unaochipua kutoka kwenye kiazi hupokea chakula kutoka chini.

7. Jipime

1. Mwanafunzi aliweka shina la ua jeupe kwenye maji yenye wino mwekundu. Baada ya saa kadhaa petali zilikuwa na mistari myekundu. Taja tishu iliyobeba wino. (Alama 1)
2. Eleza kwa nini wino ungepanda polepole kama ua lingefunikwa kwa mfuko wa plastiki. (Alama 3)
3. Mti una mkato wa gome upande mmoja tu wa shina. Je, utakufa? Toa sababu. (Alama 3)

Majibu

1. Zailemu.
2. Mvuke hujikusanya ndani ya mfuko, unyevu wa hewa huongezeka, transpiresheni hupungua, mvuto wa maji kwenye zailemu hupungua.
3. Kwa kawaida hautakufa. Floemu ya upande mwingine ingali nzima. Sukari inaendelea kufika mizizini. Mizizi inapata nishati ya kuingiza madini.