Kufundisha Violesura kwa Mfano wa Akaunti ya Benki

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha misingi ya programu za kompyuta hukutana mapema na istilahi mbili zinazotisha kuliko zinavyostahili: kiolesura, na upachikaji wa vitegemewa. Hii ya pili ilienezwa na Martin Fowler katika makala yake ya mwaka 2004. Darasani, istilahi zije mwisho; tuanze na kazi yenyewe.

Akaunti ya benki hupokea fedha, hutoa fedha, na hukataa salio lisipotosha. Kila muamala hauna budi kuandikwa mahali. Mtunzi wa programu asiye mwangalifu huiacha akaunti ijiundie daftari lake, yaani ijiunganishe yenyewe na hifadhidata ya benki. Matokeo yake, kanuni ya kutoa fedha haiwezi kujaribiwa bila kugusa kumbukumbu za wateja. Basi aidha haijaribiwi, au hujaribiwa juu ya fedha za watu.

Mwite mwanafunzi mmoja mbele awe Akaunti, mwenye salio la Sh 10,000. Ubaoni andika sharti: Mtunza Daftari ni yeyote awezaye kuandika kiasi kilichotolewa. Sharti hilo ndilo kiolesura. Halisemi daftari ni la namna gani. Kisha wewe mwalimu, wala si Akaunti, umteue Mtunza Daftari na kumketisha kando yake. Kuletewa msaidizi kutoka nje namna hiyo ndiko upachikaji.

Omba Sh 3,000. Salio libaki 7,000, na daftari lipate mstari mmoja. Omba tena Sh 8,000: Akaunti akatae, na daftari lisiongezeke kitu. Sasa mwondoe mwenye daftari, umweke mwingine anayeandika kwa chaki ubaoni. Akaunti asiambiwe neno. Rudia maombi yale yale, na uwaulize watoto ni nini kilichobadilika katika kazi ya Akaunti. (Wape muda, jibu la “hakuna” huchelewa kwa sababu wanadhani ni mtego.)

Katika programu, mwenye chaki ni daftari la majaribio linalokaa katika kumbukumbu ya kompyuta na kufutika. Daftari halisi hupachikwa siku ya kazi. Si kila kitu kihitaji kiolesura: kutoa 3,000 katika 10,000 ni hesabu tu. Tena kiolesura huahidi umbo la kazi, hakiahidi uaminifu. Mtunza Daftari anayeandika 300 badala ya 3,000 ametimiza sharti la ubaoni, kwa hiyo daftari halisi nalo lijaribiwe peke yake.